KIPUMULIO CHA INJINI KINAPOGANDA

(Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati, makatibu na madereva wa vyama vya msingi)



Gari la chama si mali ya dereva, wala si mali ya katibu. Limenunuliwa kwa makato ya kila kilo ambayo mwanachama ameifikisha mizanini. Linapolala uani kwa ubovu, mwenye kulala nalo ni mkulima: mbolea yake haifiki kwa wakati, na mazao yake hukaa ghalani yakingoja usafiri wa kukodi. Ndiyo sababu habari za injini si habari za mafundi peke yao.

Mazungumzo haya yanahusu kifaa kimoja kidogo cha injini ya petroli, kisichozidi urefu wa kidole. Kikiziba, kinaweza kuiharibu injini nzima pole pole. Kikigandia mahali pake, kisha kikang'olewa kwa nguvu, huleta hasara kubwa kuliko ile iliyokusudiwa kuepukwa. Kifaa hicho ni valvu ya kupumulia, ambayo katika maduka ya spea hujulikana kwa herufi tatu, PCV. Kazi ya kuibadilisha ni ndogo, na dereva mwangalifu aweza kuifanya uani kwa chama bila ya kulipeleka gari gereji. Lakini udogo wa kazi usimdanganye mtu.

INJINI NAYO HUPUMUA

Mchanganyiko wa hewa na petroli huwaka juu ya pistoni. Ringi za pistoni zimewekwa ili kuzuia gesi hizo zisishuke, lakini hata katika injini mpya kiasi kidogo hupenya na kuingia katika tumbo la injini, mle inamozunguka krenki. Gesi hizo huchukua petroli isiyoungua, moshi na mvuke wa maji. Yafaa ikumbukwe kwamba lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kama mvuke katika bomba la moshi, lakini sehemu ndogo hushuka tumboni pamoja na gesi.

Gesi hizo zikikosa njia ya kutoka, mambo mawili hutokea. Kwanza, msukumo huongezeka tumboni na kutafuta pa kutokea. Pili, maji na masizi huchanganyika na oili na kufanya tope zito, jeusi au la rangi ya chai ya maziwa, linaloziba njia za oili. Gari linalokwenda safari fupi fupi, kutoka ofisini hadi ghalani na kurudi, huumia zaidi kwa tope hilo, kwa kuwa injini yake haipati joto la kutosha kuufukuza mvuke.

Hapo zamani magari yalikuwa na bomba la wazi lililoelekezwa chini, na gesi zote zilitupwa barabarani. Mji wa Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, ulipozongwa na ukungu wa moshi, ilionekana kwamba gesi za tumbo la injini zilikuwa na sehemu kubwa katika uchafu ule. Mwaka 1961 magari mapya yaliyouzwa California yakaanza kuwekewa mpira wa kuzirudisha gesi hizo katika injini ziungue tena, na kuanzia magari ya toleo la 1963 jambo hilo likaenea Marekani yote. Baadaye likafuatwa na watengenezaji wa nchi nyingine, Japani ikiwamo, ambako ndiko yanakotoka magari mengi ya vyama.

Valvu ndiyo bawabu wa njia hiyo. Ndani yake mna kijiti na springi. Injini inaponguruma bila mwendo, uvutaji wa hewa katika manifoldi huwa mkali. Kijiti huvutwa na kuacha njia nyembamba. Dereva akikanyaga mafuta, uvutaji hupungua, springi hukisukuma kijiti nyuma, na njia hupanuka ili gesi nyingi zaidi zipite. Injini ikirudisha moto nyuma, kijiti hufunga njia kabisa ili moto usiingie tumboni. Injini za dizeli za kawaida hazina uvutaji wa namna hii, nazo nyingi hutumia bomba la kupumulia tu au chombo cha namna nyingine. Kwa hiyo mwenye lori la dizeli asiitafute valvu hii wala asilaumiwe kwa kuikosa.

DAFTARI HUSEMA KABLA YA FUNDI

Ugonjwa wa valvu iliyoziba huonekana katika vitabu vya chama kabla haujaonekana chini ya boneti. Bandu bandu huisha gogo. Mwezi huu stakabadhi ya lita moja ya oili, mwezi ujao lita mbili. Kisha huja stakabadhi ya sili ya krenki, na baada ya miezi michache sili ile ile hununuliwa tena, pamoja na gasketi ya kava. Kamati ya usimamizi ikiona mfuatano huo, aghalabu humdhania dereva kwamba anauza oili. Huenda ni kweli, na huenda siyo. Injini yenye msukumo tumboni huitoa oili katika kila upenyo: kwenye sili, kwenye kijiti cha kupimia, hata katika chujio la hewa. Sili mpya haitadumu mahali ambapo msukumo haujaondolewa. Basi kabla ya mtu kutuhumiwa, valvu na itazamwe.

Majaribio yake hayahitaji chombo. Injini ikiwa inanguruma bila mwendo, mfuniko wa kutilia oili hufunguliwa, na karatasi nyepesi huwekwa juu ya tundu. Karatasi ikivutwa chini baada ya muda mfupi, njia ni nzima. Ikipeperushwa juu, kuna msukumo. Jaribio la pili ni kuichomoa valvu pamoja na mpira wake na kuweka kidole gumba kwenye mdomo wake. Uvutaji mkali wapaswa kusikika kidoleni. La tatu ni kuitikisa valvu ikiwa mkononi: nzima hulia kwa kugonga, iliyoganda ni bubu. Lakini kulia peke yake si ushahidi kamili, maana springi yaweza kuwa imechoka na kijiti kikaendelea kulia.

Iko pia valvu inayogandia wazi. Hiyo huingiza hewa nyingi mno. Injini hutetemeka inaponguruma bila mwendo, na oili huvutwa na kuungua. Dawa yake ni ile ile.

JUA KWANZA IMESHIKWA NA NINI

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Kifaa kilichoganda hakishindwi kwa nguvu. Hushindwa kwa kujua kimeshikwa na nini. Valvu yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachoishika, yaani kava ya injini na hesi zake, ndicho cha gharama. Anayeng'oa bila ya kujua huiokoa shilingi na kuivunja noti.

Ziko namna tatu. Namna ya kwanza ni valvu iliyochomekwa katika mpira wa duara juu ya kava. Ndivyo ilivyo katika injini ya Toyota ya aina ya 22R, iliyofungwa katika pikapu nyingi za Hilux za miaka ya 1980. Namna ya pili ni valvu yenye hesi, iliyokazwa kwa spana. Mfano wake ni injini ya 1ZZ-FE ya Toyota Corolla. Namna ya tatu hupatikana katika magari ya miaka ya karibuni: chombo kimejengwa ndani ya kava ya plastiki, au hufungwa kwa kuzungushwa robo mzunguko. Hiyo ya tatu isiguswe kabla ya kusoma kitabu cha gari au kumwuliza fundi anayeijua, kwa sababu hapo kava nzima yaweza kupasuka.

Kabla ya kazi, injini izimwe na ufunguo utolewe. Iwe vuguvugu, si ya moto. Mpira wenye uvuguvugu hulegea, mpira wa baridi hukatika. Mahali pote panapozunguka valvu pasuguliwe kwa brashi na kitambaa mpaka vumbi liishe, maana kila chembe itakayobaki itaanguka ndani tundu likifunguka. Sigara na moto viwe mbali. Pasiwepo mtu wa kupasha kava kwa moto ili ilegee: katika tumbo la injini mna mvuke wa petroli.

VALVU YA MPIRA

Mpira mrefu wa hewa ndio hutolewa kwanza. Kibano chake hurudishwa nyuma, kisha mpira huzungushwa kushoto na kulia mpaka uachie, ndipo huvutwa. Anayevuta kabla ya kuzungusha huvunja shingo ya valvu, hasa ikiwa ni ya plastiki iliyopikwa na joto kwa miaka mingi. Ukikataa kabisa, na ikiwa mpira mpya uko mkononi, ule wa zamani hupasuliwa kwa kisu kwa urefu wake na kubanduliwa kama ganda. Ikiwa mpira mpya haupo, kisu kikae mfukoni.

Baada ya hapo hushughulikiwa mpira wa duara. Maji ya sabuni hutiwa matone machache kuzunguka ukingo wake. Oili na mafuta ya taa visitumiwe mahali hapa, kwa kuwa mpira huvimba na kuharibika kwa mafuta ya namna hiyo. Ncha butu na nyembamba ya bisibisi hupitishwa taratibu kati ya mpira na valvu, ikizungushwa pande zote, bila ya kuchimba wala kubinua. Kisha valvu hushikwa kwenye mwili wake, si kwenye shingo, na kuzungushwa huku ikivutwa juu. Mara nyingi hutoka kwa sauti ndogo kama ya kizibo cha chupa.

Mpira wa duara ukiwa mgumu kama kigae, nao ubadilishwe. Huo hutoka vipande vipande, na hapo uangalifu uzidi. Kila kipande kihesabiwe na kuwekwa juu ya gazeti. Vikipangwa na kukamilisha duara, hakuna kilichoanguka ndani. Visipokamilisha, injini isiwashwe.

VALVU YA HESI

Hii hutaka spana ya mviringo au ya soketi yenye kipimo chake sawasawa. Spana ya kurekebisha na koleo hula pembe za nati, na nati ikiisha pembe kazi huwa mara tatu. Mafuta ya kulegezea hesi hutiwa kwenye mzizi wa valvu jioni, na gari huachwa usiku kucha. Asubuhi valvu hukazwa kwanza kidogo sana, kiasi cha kuivunja kutu, ndipo hulegezwa. Ikitembea kidogo na kukaza tena, irudishwe nyuma, iongezwe mafuta, kisha ifunguliwe tena. Kwenda mbele na kurudi nyuma huziokoa hesi za aluminiamu. Kulazimisha kwa mara moja hutoka nazo.

IKIVUNJIKA

Na uchukuliwe mfano wa chama cha msingi chenye pikapu moja. Ni Jumamosi alasiri, na Jumatatu alfajiri gari linatakiwa kufuata pembejeo katika ghala la chama kikuu. Dereva ameshika koleo, akavuta, na shingo ya valvu imebaki mkononi mwake. Kisiki kimebaki ndani ya kava. Hapo njia tatu hujitokeza akilini mwake, na mbili kati yake ni mbaya.

Njia mbaya ya kwanza ni kukisukuma kisiki ndani kwa bisibisi, kuchomeka valvu mpya juu yake na kunyamaza. Chini ya tundu katika kava nyingi kuna bati la kuzuia oili, lakini bati hilo si ulinzi wa kutegemewa. Kipande cha plastiki kikishuka mpaka kwenye sampu, huweza kuziba chujio la pampu ya oili. Cha chuma huweza kuingia mahali panaposagana. Njia mbaya ya pili ni kukitoboa kisiki kwa drili kikiwa bado juu ya injini. Unga wa drili huanguka mle mle, nao ni kama mchanga katika oili.

Njia njema ni kuacha kuhangaika na kisiki na kuifungua kava yenyewe. Mipira na nyaya zilizo njiani huondolewa na kutiwa alama, bolti za kava hufunguliwa zamu kwa zamu, na kava huinuliwa na kuwekwa juu ya meza. Hapo kisiki husukumwa kutoka upande wa ndani kwenda nje, bila hofu ya kitu kuanguka popote, na tope lililogandia ndani ya kava hupata kuoshwa. Injini iliyo wazi hufunikwa kwa kitambaa kimoja kikubwa na safi, si vitambaa vidogo vingi, maana kidogo husahauliwa. Gasketi ya kava iwe tayari kubadilishwa. Kazi hiyo huchukua saa chache, na Jumatatu gari huweza kwenda. Gasketi isipopatikana siku hiyo, gari lingoje. Siku moja ya usafiri wa kukodi ina bei inayojulikana; injini iliyokufa njiani na mzigo wa wanachama haina.

KUREJESHA

Valvu mpya iwe na namba inayolingana na injini ile. Valvu nyingi hufanana kwa sura, lakini springi zake hutofautiana, na springi isiyo yake huvuruga mngurumo wa injini. Mpira wa hewa uchunguzwe kwa kupulizwa. Ukiwa umeziba au umepasuka, valvu mpya haitafaa kitu. Pasipopatikana spea, ile ya zamani ikiwa haikuvunjika huweza kuoshwa mpaka kijiti kitembee, na kutumika kwa muda tu. Tope likiwa limeonekana, oili na chujio lake vibadilishwe. Kisha injini iwashwe na jaribio la karatasi lirudiwe.

Mithali yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kipumulio mambo ni kinyume. Wako wanaoona oili ikirushwa katika tundu la valvu wakalizima kwa bolti au kijiti. Huko ni kumfunga mtu pua na mdomo kwa sababu anakohoa. Tundu hili huzibuliwa, halizibwi.

Tena ijulikane kwamba kama valvu ni mpya, mpira ni mzima, na karatasi ingali inapeperushwa, basi ringi za pistoni au silinda zimekwisha. Hapo hakuna valvu itakayotibu, na kamati iambiwe hivyo wazi ili ipange fedha za matengenezo makubwa kabla ya msimu, si katikati yake.

WAJIBU WA KAMATI

Ndugu Wajumbe, maarifa yote yaliyoelezwa humu hayatafaa kitu ikiwa dereva anaogopa kusema. Dereva wa mfano ule hakuchagua peke yake Jumamosi ile. Kama kamati ina desturi ya kumkata mshahara kwa kila kipande kinachovunjika bila ya kuuliza kimevunjikaje, basi kamati imekwisha kumchagulia: atakisukuma kisiki ndani na kunyamaza, na chama kitalipa baadaye mara nyingi zaidi. Kama anajua kwamba akileta kisiki mezani ataulizwa, atasikilizwa na kupewa ruhusa ya kungoja gasketi, ataileta kava uani mchana kweupe.

Hii haina maana kwamba uzembe uachwe. Maana yake ni kwamba kuwe na utaratibu. Kila gari liwe na daftari lake la matengenezo, lenye tarehe, kilometa, kifaa kilichobadilishwa, namba ya stakabadhi na jina la aliyefanya kazi. Kila kifaa cha zamani kirudishwe kwa katibu, kifungwe na kuandikwa tarehe, kikaguliwe na kamati ya usimamizi ndipo kitupwe. Oili inayoongezwa iandikwe siku ile ile, hata ikiwa nusu lita. Valvu itazamwe kila oili inapobadilishwa, na kazi ya kuitoa ifanywe katika miezi isiyo ya msimu, wakati gari lina nafasi ya kungoja.

Mambo haya yakifuatwa, mwanachama katika mkutano mkuu hataulizia tena kwa uchungu oili ya chama imekwenda wapi. Jibu litakuwa limeandikwa daftarini, na kifaa chenyewe kitakuwa mezani, kila mtu akishike na kukitikisa kwa mkono wake.